Kazi za Oliver Goldsmith katika Juzuu Moja: Tathmini ya Kitabu cha Mtumba

Kitabu ninachokitathmini hapa nilikinunua kwa shilingi 600 kwenye meza ya muuza vitabu vya mtumba, upande wa Barabara ya Digo mjini Mombasa, hatua chache kutoka soko la Markiti, siku ambayo nilikuwa nimetumwa iliki na bizari na sikuwa na nia yoyote ya kununua kitabu. Ni juzuu nene yenye jalada la kitambaa cha kijani kilichopauka kwa jua, na ndani yake mmekusanywa karibu kila kitu cha maana alichoandika Oliver Goldsmith, mzaliwa wa Ayalandi wa karne ya 18: riwaya moja, tamthilia mbili, mashairi, barua za kubuni na insha. Nimekaa nacho miezi mitano sasa. Nimekisoma barazani baada ya Alasiri, nimekisoma nikingoja feri Likoni, na nimewasomea wanafunzi wangu sehemu zake, kwa hivyo ninayoyaandika ni ya mtu aliyekitumia kitabu chenyewe.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeagiza nakala mpya kwa njia ya intaneti, kwa bei iliyokuwa mara tatu ya hiyo, na ni haki niieleze kwa sababu wasomaji wengi wa vitabu vya kale huangukia mtego huo. Jalada lilikuwa zuri na karatasi nyeupe, lakini maandishi yalikuwa yamesomwa na mashine kutoka chapa ya zamani bila mwanadamu yeyote kuyapitia. Wachapaji wa enzi ya Goldsmith walikuwa na umbo refu la herufi s, ambalo kwa macho ya mashine hufanana na f, basi kila neno lenye herufi hiyo likawa limeharibika. Riwaya inaweza kuvumilika hivyo kwa mtu mwenye subira, lakini shairi halivumiliki, kwa sababu unapokwama kila mstari mapigo yote hupotea. Nilimwandikia aliyeniuzia mara mbili na sikupata jibu. Ninamshauri yeyote anayetaka kuagiza kitabu cha miaka mia mbili na zaidi aombe kwanza aonyeshwe ukurasa mmoja wa ndani, asiridhike na picha ya jalada.

Nakala ya Markiti nayo haikuwa salama. Unyevu wa pwani ulikuwa umekwisha kuila gundi ya mgongoni, nondo walikuwa wamechimba njia kuanzia ukurasa wa kwanza hadi katikati ya utangulizi, na nilipofika nyumbani niligundua kwamba karatasi nne, yaani kurasa nane, zilikuwa zimechomoka kabisa katika kitendo cha mwisho cha tamthilia ya pili, ingawa muuzaji alikuwa ameniapia kwamba kitabu ni kamili. Nilikipeleka kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale ambaye kazi yake ni kujalidi misahafu na vitabu vya chuoni. Alikifungua taratibu, akainusa karatasi, akaukunja ukurasa mmoja pembeni kuona kama utakatika.

"Karatasi hii bado ina uhai, Mwalimu," aliniambia. "Uzi ndio uliokwisha."

"Na zile zilizotoka, mzee wangu?"

"Nitakutilia nyeupe mahali pake. Utajaza mwenyewe kwa mkono wako."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikishona upya kwa uzi wa pamba uliopakwa nta, akatia karatasi nne tupu mahali palipopungua, na mwanafunzi wangu mmoja mwenye hati nzuri akayanakili mazungumzo yaliyokosekana kutoka ile nakala mbovu ya intaneti, akiirudisha kila s mahali pake. Kazi ya kujalidi ilinigharimu shilingi 700, zaidi ya kitabu chenyewe, na sijutii hata senti moja.

Sababu ya kuipendelea juzuu moja badala ya vijitabu vilivyotengana ni Goldsmith mwenyewe. Katika Westminster Abbey, London, kuna kumbukumbu yake yenye maneno ya Kilatini yaliyotungwa na rafiki yake Samuel Johnson, yanayosema kwamba karibu hakukuwa na aina ya uandishi ambayo mtu huyu hakuigusa, wala hakugusa hata moja asiipambe. Sifa hiyo huelezwa mara nyingi kama kwamba ni suala la kipaji tu. Ukimsoma mfululizo, kutoka jalada hadi jalada, unaona kwamba ilikuwa pia ni suala la njaa. Goldsmith aliandika historia kwa sababu wauza vitabu walizilipia, akaandika insha kwa sababu magazeti yalizitaka wiki kwa wiki, akaingia tamthilia kwa sababu jukwaa lilikuwa na fedha. Lakini katika kila aina anarudi mtu yuleyule: mkata mwenye moyo mpana, anayemtazama mjinga kwa huruma na tajiri kwa wasiwasi. Umoja huo haumdhihirikii mtu aliyesoma riwaya peke yake.

Maisha yake yameelezwa katika utangulizi mrefu. Mwaka wa kuzaliwa unaotajwa na wengi ni 1728, na mahali ni Pallas katika jimbo la Longford, ambako baba yake alikuwa kasisi mwenye kipato kidogo na nyumba isiyofungwa mgeni. Utotoni alipata ndui iliyomwachia makovu usoni maisha yake yote. Alisoma Trinity College, Dublin, kwa daraja la wanafunzi maskini ambao walilipia masomo yao kwa kuwahudumia wenzao na kuvaa joho la kuwatambulisha hali yao, na baada ya hapo akajaribu njia nyingi zikamkatalia. Mume wa shangazi yake alimpa pauni 50 aende London kusomea sheria, akazipoteza zote kwenye kamari kabla hajaondoka Dublin. Mwaka 1752 alikwenda Edinburgh kusomea udaktari, kisha Leiden, Uholanzi, na mwaka 1755 alizunguka nchi za Ulaya kwa miguu, akipiga filimbi vijijini ili apate chakula na pa kulala. Alifika London mwaka 1756 hana kitu. Alimsaidia muuza dawa, alifundisha watoto shuleni, na mwaka 1758 alishindwa mtihani wa kuwa tabibu msaidizi, ndipo kalamu ikabaki kuwa riziki yake ya pekee.

Kisa ninachokipenda zaidi katika utangulizi huo ni cha mwaka 1762, kama alivyokisimulia Johnson kwa James Boswell, rafiki aliyeandika maisha yake. Goldsmith alikuwa amekamatishwa na mama mwenye nyumba kwa deni la kodi, akatuma ujumbe kwa Johnson aje upesi. Johnson akatanguliza gini moja, sarafu ya dhahabu ya wakati huo, na alipofika akakuta sarafu imekwisha kuvunjwa na mbele ya Goldsmith ipo chupa ya mvinyo wa Madeira. Johnson akairudisha kizibo chupa, akamtuliza, akamuuliza ana nini cha kuuza. Goldsmith akamtolea muswada wa riwaya. Johnson akaupeleka kwa muuza vitabu, akarudi na pauni 60, na kodi ikalipwa. Muswada huo ulikuwa The Vicar of Wakefield, uliotoka mwaka 1766 na ambao haujaacha kusomwa tangu siku hiyo.

Riwaya hiyo, inayosimuliwa na Kasisi Primrose mwenyewe, ndiyo sehemu ya kwanza ninayomshauri msomaji aifungue. Ni hadithi ya familia njema inayopoteza mali yake kwa siku moja, kisha inashushwa daraja baada ya daraja hadi baba anaishia gerezani. Ninakubali kwamba nusu ya pili ina misiba mingi mno kwa nafasi iliyopo na wokovu unaokuja kwa haraka isiyoaminika. Nusu ya kwanza, hata hivyo, ni hazina. Kijana Moses anatumwa gulioni kumuuza farasi wa nyumbani, dada zake wakiwa wamemkamilisha mavazi na mama yake akimsifu kwa ujuzi wa biashara. Anarudi na kreti nzima ya miwani ya kijani, dazeni kumi na mbili, ambayo ameinunua kwa fedha za farasi kwa sababu ameambiwa fremu zake ni za fedha na zitauzika kwa faida maradufu. Baba anazitazama, anaona ni shaba iliyopakwa rangi. Yeyote aliyewahi kumtuma kijana mjini akarudi na simu isiyowaka anaijua kimya kinachoingia chumbani wakati huo. Sura mbili mbele, baba mwenyewe, aliyemdhihaki mwanawe, anakwenda gulioni na farasi wa pili na kutapeliwa na mtu yuleyule, kwa kusifiwa elimu yake. Hapo ndipo unamjua Goldsmith: hamwachi mwenye hekima akae juu ya mjinga kwa muda mrefu.

Na ile picha ya familia! Wanamwita mchoraji, kila mmoja anataka achorwe kwa fahari yake, mama awe kama mungu wa kike wa kale na binti mdogo awe mchunga kondoo, na mchoraji anaombwa atie kondoo wengi kadiri awezavyo maadamu hawalipiwi. Kazi inapokamilika wanagundua kwamba picha ni kubwa kupita milango yote ya nyumba, nayo inabaki imeegemezwa ukuta wa jikoni, majirani wakija kuicheka. Nimeisoma sehemu hii kwa sauti nyumbani mara tatu, na mara zote tatu mke wangu alimtaja jamaa yetu mmoja na kabati lake.

Shairi la The Deserted Village, lililotoka Mei 1770, ndilo lililonifanya nikifikirie kitabu hiki kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Goldsmith anarudi kwa fikra katika kijiji cha utoto wake, anachokiita Auburn, na kukikuta kimehamwa, kwa sababu tajiri mmoja ameitwaa ardhi ya wengi apate nafasi ya bustani, ziwa na farasi wake. Yumo mwalimu wa kijiji, ambaye wenyeji walimtazama na kadiri walivyomtazama ndivyo walivyozidi kustaajabu kwamba kichwa kidogo namna ile kimebeba yote ayajuayo. Yumo kasisi aliyehesabiwa tajiri kwa pauni 40 kwa mwaka. Limo sanduku katika nyumba ya wageni lililofanya kazi mbili, usiku kitanda na mchana kabati. Nilipokwenda kukichukua kitabu kwa yule mzee wa kujalidi nilimsomea mistari ya sanduku, nikamfasiria. Akanionyesha kwa kidole ubao mpana aliokuwa akikatia ngozi, akaniambia kwamba alipokuwa mwanafunzi wa kazi alilala juu ya ubao kama huo miaka minne.

Msomaji wa pwani hawezi kulipita shairi hili asimkumbuke Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir na Al-Inkishafi yake, ambamo majumba ya Pate yaliyojaa taa na wageni yanakuwa magofu, na vidaka vilivyopangwa sahani za kigeni vinakaliwa na makinda ya ndege. Nimeyaweka mashairi haya mawili pamoja mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne, na tofauti waliyoiona wao wenyewe ilikuwa ya kina. Sayyid Abdallah anauhutubia moyo wake, akiuonya kwamba dunia hupita na makabaila wameingia kaburini. Goldsmith anaigeukia nchi, akisema kwamba mali ikirundikana huku watu wakipungua nchi hiyo iko hatarini, na anamwonyesha aliyesababisha. Mmoja anatazama magofu na kuwaza Akhera. Mwingine anatazama magofu na kuuliza ardhi ni ya nani. Katika pwani yetu, ambako watu wengi wameishi kizazi baada ya kizazi juu ya ardhi wasiyokuwa na hati yake, swali la pili halikuhitaji maelezo marefu darasani. Binti mmoja aliuliza tu kama wale watu wa Auburn walipewa muda wa kuondoa mazao yao shambani. Shairi halisemi.

Lipo kosa ambalo sitaki kulificha. Goldsmith anapowafuata wahamaji wake ng'ambo ya Atlantiki, hadi Georgia, anaijaza nchi ile nge, nyoka na chui milia wanaovizia watu, na chui milia hawapo Marekani. Alikuwa akiandika juu ya mahali asipopajua, kwa ajili ya kutisha, na sehemu hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mistari minne ya mwisho ya shairi, kwa ushahidi wa Boswell, ni ya Johnson, na mtu mwenye sikio atahisi kwamba sauti imebadilika na kuwa nzito.

Kati ya tamthilia mbili, ile ya mwaka 1768, The Good-Natur'd Man, unaweza kuiruka. She Stoops to Conquer, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Covent Garden tarehe 15 Machi 1773, usiiruke kwa hali yoyote. Kijana Marlow, ambaye ulimi humkauka mbele ya wanawake wa hadhi yake lakini huwa shujaa mbele ya watumishi, anapotezwa njia na mcheshi Tony Lumpkin na kuamini kwamba nyumba ya mzee Hardcastle, baba wa msichana aliyekuja kumposa, ni nyumba ya wageni. Anamwamuru mwenye nyumba kama mhudumu, anauliza orodha ya chakula, na msichana, akiona jinsi mambo yalivyo, anajifanya mtumishi ili amsikie mposaji wake akizungumza kwa ulimi wake halisi. Inasimuliwa kwamba Goldsmith mwenyewe, akiwa kijana, aliwahi kuingia kwa mungwana mmoja huko Ardagh akidhani ni nyumba ya wageni, akaagiza chakula cha usiku kwa sauti ya mtu mwenye fedha. Darasani tuliigiza vitendo viwili, na mahali palipopata kicheko kikubwa ni pale Tony anapomzungusha mama yake usiku kwa gari la farasi hadi bwawani nyuma ya nyumba yao wenyewe, naye akaamini amefika maili 40 kutoka kwake. Mistari hiyo ilikuwamo katika zile kurasa zilizonakiliwa kwa mkono.

Barua za The Citizen of the World, zilizotoka gazetini kuanzia 1760 na kukusanywa mwaka 1762, zinaandikwa kwa sauti ya mwanafalsafa wa Kichina anayeishi London na kuwashangaa wenyeji wake. Zipo nyingi kupita kiasi, na ninapendekeza zisomwe mbili au tatu kwa wiki, kama zilivyokusudiwa. Sisi tumezoea kusoma maelezo ya wageni waliokuja kuutazama mji wetu. Kuna faida kuona mji wa wenye kuandika ukitazamwa vivyo hivyo, hata kama mtazamaji ni wa kubuni. Historia zake, na kazi kubwa ya elimu ya wanyama iliyotoka katika juzuu nane mwaka 1774, hazimo, na kwa hilo mhariri alifanya vyema.

Goldsmith alifariki London tarehe 4 Aprili mwaka huohuo wa 1774, akiwa na deni la takriban pauni 2,000, na Johnson akauliza kama kuliwahi kuwa na mshairi aliyeaminiwa kiasi hicho. Miaka michache baadaye Muyaka alizaliwa hapa Mombasa, naye akaichukua tungo akaipeleka sokoni na barazani, kwenye madeni, mapenzi na fitina za watu. Ninapowasoma wawili hawa kwa zamu, ninahisi kwamba wangeelewana haraka.

Kuhusu kitabu kama bidhaa, malalamiko yangu ni matatu. Herufi ni ndogo mno, zimepangwa kwa safu mbili katika ukurasa, na baada ya Magharibi hazisomeki bila taa nzuri. Maneno ya Kilatini na Kifaransa yameachwa bila tafsiri. Maelezo ya watu na matukio ni machache, hivi kwamba mwanafunzi akiwa peke yake atakwama kwenye mashairi ya dhihaka, hasa Retaliation, ambalo beti zake zinawahusu watu waliojulikana mezani siku hiyo, na wengi wao mwanafunzi wa leo hawajui. Kwa mwalimu wa fasihi, kwa mwandishi chipukizi anayetaka kuona jinsi sentensi nyepesi inavyobeba jambo zito, na kwa msomaji mwenye macho mazuri, nakipendekeza kwa moyo wote. Kwa mtoto wa shule ya msingi, mtafutieni riwaya peke yake, yenye herufi kubwa.

Ukikuta nakala ya namna hii mezani kwa muuzaji, usiridhike na kiapo. Fungua katikati, vuta ukurasa kidogo uone kama uzi umeshika, kisha hesabu kurasa za kitendo cha tano cha She Stoops to Conquer kabla hujatoa fedha mfukoni. Nimepita pale tena juzi. Ilikuwapo nakala nyingine, jalada jekundu, na muuzaji alikuwa akitaka shilingi 800. Mwambie 500.